Moto Uliobaki Chini ya Kisiki

Mwanamisi,

Idi mbili zimepita hujakanyaga Msambweni. Shikamoo yako ya simu nimeisikia, lakini marahaba nakuwekea mpaka nione uso wako. Shangazi yako Riziki, anayeniandikia maana kalamu siijui, anakusalimu. Mbuzi amezaa pacha.

Waniuliza kwa nini nasita kuchomwa mionzi kwenye titi hili lenye uvimbe. Daktari mwenyewe alisema kuwa, kwa nadra, tiba hiyo huweza kuleta saratani nyingine baada ya miaka. Nikamwambia, "Mwanangu, wanifukuzia mwizi kwa mwizi?" Riziki akanifinya.

Nilipokuwa kigori tulichoma shamba letu la miwa kule Ramisi kabla ya kukata, ili majani na nyoka vituondokee. Baba akaniacha na tawi bichi nilinde moto usizuke tena. Moshi ulipokwisha nikaenda zangu ngomani. Siku ya tatu moto ukazuka chini ya kisiki, ukala mkorosho wa mama. Baba hakunipiga. Mwaka uliofuata alichoma tena, ila alilinda mwenyewe siku saba.

Daktari asema uvimbe ukiachwa utaniua mapema zaidi. Hilo naliamini, na moto siukatai. Ninayemshuku ni anayewasha kisha akaenda zake.

Basi njoo Jumatatu ya kliniki. Muulize daktari mbele yangu nani atanitazama miaka ya baadaye, wala usiinuke mpaka ajibu. Kisha uniambie na wewe siku zako za kulinda ni zipi.

Bibi yako