Betri za Kumsikilizia Mama

Mukendo, Musoma

Kwa dada yangu mpendwa Felista,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za hapo Urambo? Mguu wako unaendeleaje, na watoto wamepona surua? Sisi huku Mungu anatulinda. Shemeji yako yuko Bugwema kwenye pamba. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sijui nikuambie nini.

Kaseti ya mama uliyompa katekista imefika. Redio yetu haina mahali pa kaseti. Jirani anayo, ila sikutaka mama asikilizwe na watu wa barazani. Nikapeleka dagaa Bunda, nikauza, nikarudi na hela mpaka dukani kwa Mzee Salumu hapa Mukendo. Siku hizi maduka yamejaa, dada, si kama ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Kuna redio kaseti kubwa za mawe sita, huku betri wanaitaga mawe, na vile vidogo vya kuvaa masikioni, vya mawe mawili. Nikaonyesha kile kidogo.

"Mama Nyangeta, hicho kununua ni rahisi, kukilisha ndiyo kazi," akasema. "Mawe yake membamba, jioni moja yamekwisha. Na kila nikienda Mwanza nakuta bei imepanda."

"Mimi nina kaseti moja tu."

"Wote mnasemaga hivyo. Halafu mnarudi kunitukana mimi."

Nikamwambia ni ya marehemu mama. Akanichagulia betri mwenyewe, akazijaribu moja moja kwenye kitochi.

Nikajifungia chumbani. Mama akakohoa, akasalimia. Nikawa nairudisha nyuma nimsikie tena akicheka habari za kuku wako, narudisha tena, sikujua kurudisha nako kunakula betri. Alipoanza kuwabariki watoto wake kwa zamu, kaka Joseph, kisha wewe, sauti ikavutika, ikawa nzito kama ya mwanaume, ikakata. Aliyekuwa anafuata ni mimi.

Kesho yake nikazianika betri kwenye bati, kama wanavyofanyaga wote hapa. Jua lote lile likanipa "amina" moja, zikazima. Nikarudi dukani. Mzee Salumu hakunitania. Safari hii mkanda niliuzungusha kwa peni ya biki mpaka nilipoishia, nisipoteze betri hata kidogo.

Dada, nikamsikia mama anauliza, "Yule wa Musoma amefika?"

Na wewe ukamjibu, "Yuko njiani, mama."

"Basi, baraka yake niiweke. Nitampa mwenyewe."

Halafu ni jogoo tu, mpaka mkanda ukaisha.

Barua yako ya kuniita ilinifikia ameshazikwa, wewe unajua. Sikulaumu. Ningekuwa mimi nimekaa pale kitandani ningesema hivyo hivyo. Ila kila nikipiga magoti namwomba Mungu amwambie mama kwamba sikuitwa nikakataa.

Kama alinitaja tena mkanda ukiwa umeisha, hata neno moja, niandikie kwenye karatasi. Karatasi haili betri.

Msalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli, na kaka Joseph. Shangazi aliyemwosha mama mwambie Mungu amlipe, kazi ile ilikuwa ya mikono yangu.

Ni mimi mdogo wako Veronika, yule wa Musoma.