Sanduku la Barua la Mbao za Mzinga

Jumanne, 5 Februari

Haya. Nimebonyeza. Binti yangu Galina aliniwekea hiki kitu kwenye simu wakati wa Krismasi, kabla hajarudi Uhispania. Unaongea, simu inaandika, tarehe inaweka yenyewe. "Mama, badala ya kuongea na jiko, ongea na hii." Jiko halijawahi kunijibu, na hii naona ni yale yale. Angalau hii haili kuni.

Leo Rumyana wa posta kaja na habari mbaya. Kaingia kama kawaida, kavua kofia, kakaa kwenye kiti chake karibu na jiko. Kahawa nilishaweka. Kanisomea gazeti — kwanza waliokufa, halafu hali ya hewa, halafu nyota. Mimi ni Mizani. Nyota ikasema nitapata mgeni. Mgeni si ndiye huyu! Tukacheka. Halafu akawa anakizungusha kikombe tu.

"Bibi Nedyalka, kuanzia tarehe mosi Machi siruhusiwi kuingia kwa watu."

Vijiji saba, sasa ni vyake peke yake. Wamempa gari, na ndani ya gari kuna kidude kinachosema kasimama wapi na kakaa muda gani. Kila nyumba iwe na sanduku la barua getini, imara, lisiloingiza maji. Usipokuwa nalo, barua zako zinabaki mjini, uzifuate mwenyewe.

Mjini! Na magoti haya!

Nikamuuliza, na gazeti utanisomea wapi? Akaangalia dirishani.

Niseme tu, hapa hanisikii mtu. Mimi kusoma gazeti sijui. Shule nilikwenda misimu miwili ya baridi, halafu nikapewa kondoo. Jina langu naandika, basi. Msomaji alikuwa Slavi, mume wangu. Alipokufa nilitaka kulikatisha hilo gazeti, halafu nikafikiri: nikilikatisha, nani tena atafungua geti hili? Nikaendelea kulilipia. Rumyana nilimwambia ni macho. Basi Jumanne na Ijumaa mtu anaingia, anavua kofia, ananiita bibi.

Sasa nisipotengeneza sanduku, haji kabisa. Nikitengeneza, anakuja mpaka getini. Chagua, Nedyalka!

Alhamisi, 7 Februari

Nimejaribu debe la jibini. Wote hapa wanafanya hivyo — ukishamaliza jibini unatoboa mdomo, unalipigilia kwenye uzio. Lakini nimezunguka kijiji nikaangalia. Nyumba zinazotoa moshi tumebaki sita, haikuchukua muda. Madebe yote yameoza matako! Jibini linakaa kwenye maji ya chumvi mwaka mzima, bati lile limeshaliwa kwa ndani hata kabla hujalitundika.

Nikamkuta Penko getini kwake. Huyu alikuwa fundi matrekta wa ushirika, mpaka leo anajiona bado fundi. Kanipigia kelele, "Mama Galina! Unakagua kijiji? Umeteuliwa diwani?"

Nikamwambia natafuta sanduku lisilooza. Kanionyesha la kwake — chombo cha chujio la trekta, chuma kitupu, zito kama jiwe la kusagia.

"Na nani anakuandikia wewe?"

"Hakuna. Ndiyo maana halichakai."

Jumapili, 10 Februari

Galina kapiga. Anasema ataagiza la plastiki, mbona ni rahisi, Mama, kwa nini ujisumbue. Plastiki! Ndoo ya plastiki niliisahau nje Januari ikapasuka kama yai. Nikamwambia. Akasema sawa Mama, sawa, na nyuma yake nasikia sahani na watu wanacheka kwa lugha yao. Akaniuliza nakula nini. Nikasema supu ya maharagwe. Halafu kila mtu akawa anapumua tu kwenye simu.

Jumatano, 13 Februari

Usingizi umegoma. Asubuhi nimekwenda bandani kutafuta mbao — nikaona mzinga.

Wa mwisho. Nyuki waliondoka msimu ule ule alioondoka Slavi, mizinga mingine nikauza, huu nikashindwa. Nikasimama mbele yake na mkongojo wangu. Nikajiambia, we mama, sanduku si hili hapa? Mbao za msonobari, nene, zimepakwa rangi ya mafuta mara ngapi sijui. Paa lina bati. Limekaa mvuani na kwenye theluji miaka yote hiyo na ndani pakavu! Slavi alikuwa anasema nyuki anavumilia baridi, unyevu unamuua. Na karatasi si hivyo hivyo?

Nimelifungua. Bado linanukia nta. Nikakaa kidogo.

Jumatano, 20 Februari

Kazi imekwenda. Mgongo umekatika lakini kazi imekwenda. Nieleze vizuri nisije nikasahau.

Mzinga mzima ni mkubwa, nimeukata nusu. Msumeno wa Slavi, butu kama mimi. Paa nimelipa mteremko, theluji ishuke yenyewe, na bati nimeliacha lizidi mbele kama upana wa kiganja, lifunike mdomo kama kofia. Sakafu nayo inainama kidogo kuja kwangu, pembeni nimetoboa matundu. Maji yakiingia, yatoke. Hapo ndipo watu wanakosea, wanaziba kila kitu. Ukiziba sana, jasho la ndani ndilo linaozesha.

Mlango nimeuweka nyuma, unafungukia uani. Sitoki barabarani kwenye barafu kufuata karatasi! Sanduku linakaa ndani ya uzio, nje unatokeza mdomo tu, hivyo gari la kusukuma theluji halina cha kugonga. La mama Stanka pale chini lilifagiliwa lote na nguzo yake.

Bawaba nimezikata kwenye mkanda wa suruali wa Slavi. Misumari nimeing'oa kwenye mzinga, nikainyoosha juu ya jiwe. Mdomoni nimepigilia mpira wa ndani wa baiskeli, vipande viwili virefu vyeusi, upepo usisukume theluji ndani. Mkono unapita, karatasi inapita, theluji inabaki nje.

Sijanunua hata msumari. Hata mmoja!

Jumapili, 24 Februari

Limesimama. Penko kaja kushika wakati napigilia. Kalizunguka, kaligonga gonga kama anayenunua ng'ombe.

"Mama Galina, hili ni sanduku au unahamia humo?"

Tukalijaribu. Ndani nikaweka gazeti la zamani, yeye akamwaga ndoo nzima ya maji juu. Nusu ikamrudia kwenye viatu, akatukana mpaka watakatifu. Nikafungua mlango wa nyuma — kavu! Kavu kabisa, na linanukia asali.

Halafu tukanywa rakia, pombe yake kali ya matunda, kikombe kimoja kimoja, na yule mzee akaniambia jambo. Anasema, "Wewe ni mjinga. Ungetengeneza bovu. Linalovuja. Yule binti angelazimika kubisha hodi."

Nikamfukuza. Mimi nitundike kitu kibovu kwenye geti la Slavi, na karatasi yake ya msiba, yenye picha yake, imebandikwa pale pale?

Lakini toka ameondoka nalifikiria.

Jumanne, 26 Februari

Rumyana kwa mara ya mwisho ndani. Kalisifia sanduku, kaingiza mkono, katoa, kaingiza tena kama mtoto. "Bibi, hili litatuzika wote." Kanywa kahawa. Kanisomea mpaka ukurasa wa matangazo ya kuku, na wote wawili tunajua kwa nini anasoma ya kuku. Kikombe chake sijakiosha.

Ijumaa, 1 Machi

Leo ni siku ya uzi. Kila mwaka huyu binti ananifunga uzi mwekundu na mweupe mkononi na kuniambia niwe na afya, niwe mwekundu kama tufaha. Nami namfunga wake. Mwaka huu nilimsokotea wa sufu.

Gari likaja. Likasimama. Honi — pii! — likaondoka. Nilikuwa bado natafuta kiatu cha pili.

Nimefungua mlango wa nyuma. Gazeti kavu. Juu yake uzi.

Nimejaribu kujifunga. Mkono mmoja haufungi fundo. Nikajaribu kwa meno, lakini meno yenyewe ya kuvaa. Uzi ukaanguka kwenye majivu. Nimeuosha, nimeutundika kwenye msumari juu ya jiko. Huo wa kwake uko pembeni yake.

Jumanne, 5 Machi

Pii. Gazeti. Kavu.

Ijumaa, 8 Machi

Pii. Leo sikukuu ya wanawake, kaniwekea na ua moja jekundu. Halikuharibika hata jani. Hilo sanduku! Ningekuwa na mtu wa kujisifia ningejisifu.

Jumanne, 12 Machi

Pii. Bahasha kutoka kwa Galina: karatasi mpya ya msiba ya baba yake. Kila Machi, mwezi aliokufa, anachapisha moja, ile ya getini imeshaliwa na mvua. Safari hii kachagua picha nzuri, Slavi bado ana nywele. Maneno sijui yanasemaje. Tunakukumbuka, nadhani. Yasemeje mengine.

Alhamisi, 14 Machi

Nimebandika karatasi getini, chini ya mdomo wa sanduku. Upepo mkali toka jana, paa la banda linapiga makofi. Baridi imeng'oa misumari ya chini ya ule mpira, vipande viwili vinaning'inia vinapeperuka. Nitavipigilia upepo ukitulia.

Ijumaa, 15 Machi

Mungu wangu. Ngoja nikae.

Nilikuwa nashona soksi karibu na jiko. Nasikia gari, nasubiri pii. Pii haiji. Nasikia geti — bam! — halafu mtu analia uani, kilio kile cha kabisa, cha mazishi. Nikafikiri Penko kafa. Mlango ukafunguka, Rumyana huyo, kofia hana, kamasi mpaka kidevuni. Kaniona. Kapiga yowe!

"Bibi! Bibi Nedyalka! Uko hai?"

"Sasa hivi nilikuwa hai, umenimalizia wewe!"

Kaniangukia, kanikumbatia na sindano yangu mkononi, nusura nimchome. Hasemi linaloeleweka. Nilikupita Jumanne, anasema, nilipiga honi tu kama mwendawazimu, hata sikukutazama! Polepole ndipo nikaelewa. Kaona kwenye geti karatasi mpya ya msiba, na juu yake utepe mweusi, ncha mbili zinapepea. Utepe mweusi getini ni msiba mpya ndani, nani asiyejua! Hakusoma. Nani anasoma karatasi ile pale akiona utepe?

Mpira wa baiskeli.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye bado analia, anacheka, analia. Halafu Penko huyo mlangoni, anahema, kasikia kilio kakimbia na chupa ya rakia. Tone la marehemu kashalimwaga kizingitini, kama desturi. Kaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Kumbe. Basi chupa narudi nayo?"

"Weka mezani, we mzee."

Rumyana kaosha uso. Katafuta kikombe chake, kikombe bado kipo mezani na kahawa imekauka chini. Halafu akaona magazeti pale kwenye kikapu cha kuni. Manne, yamekunjwa vile vile alivyoyakunja.

"Bibi, haya hukuyafungua?"

"Macho, mwanangu."

Akaangalia soksi. Akaangalia sindano, nimeitunga uzi mweusi sasa hivi bila miwani. Penko akakohoa, akatoka kwenda kuangalia hali ya hewa.

Akakaa kwenye kiti chake. Akafungua la kwanza, akaanza na waliokufa. Akasoma wafu wa magazeti yote manne. Simu yake ikalia — mjini hao, gari limesimama mno. Kaiangalia. Kailaza kifudifudi mezani, kaendelea. Ikalia tena. Kaendelea mpaka nyota.

Halafu kaona nyuzi mbili kwenye msumari. Kanifunga wangu. Nikamfunga wake.

Akiwa anavaa kofia akasema, "Bibi, huo mpira ukate. Utaniua mimi. Ukiendelea kuning'inia hivyo, kila nikiuona nitaingia."

Nikasema nitakata.

Jumanne, 19 Machi

Simu nimeivaa shingoni, naongea hapa hapa uani, nyuma ya sanduku. Mkasi ninao.

Nilitaka kukata Jumamosi. Jumapili nikasema ni dhambi kufanya kazi. Jana nikasema mkasi ni butu, nikaunoa, na haukuwa butu. Mama Stanka kaniambia Rumyana kasemwa huko mjini kwa ajili ya Ijumaa, tena mbele ya watu. Ana watoto wawili shuleni na mume anayetafuta kazi toka mwaka juzi. Mimi nimsababishie? Kwa kahawa?

Penko toka asubuhi yuko kwenye uzio wake, hana kazi. "Mama Galina! Ukikata nakunyima rakia!"

Nimefungua mlango wa nyuma, nimepitisha mkono. Mpira baridi. Upande mmoja — chwa. Umeanguka nje. Umebaki mmoja. Mmoja tu sio utepe, ni takataka tu. Mmoja hauna maana yoyote. Kata, Nedyalka.

Gari hilo. Kwenye kona.

Nimeinama, nachungulia kwa mdomo wa sanduku. Kunanukia nta humu. Naona barabara kipande, theluji chafu, na ule mpira unapita pita mbele ya jicho langu. Gari linapunguza. Linafika. Naona tairi.

Limesimama.

Gazeti haliingii.

Nasikia mlango wa gari... au ni paa la banda? Penko nyamaza huko! Mkasi ninao mkononi. Honi — bado. Honi bado sijaisikia.