Posa Kutoka Nakhuri

Jumatatu, 2 Oktoba 2017

Tina kapiga simu. Jumamosi wanakuja kuleta posa! Binti yangu, miaka thelathini na sita, kichwa kigumu kama babake—nilishakata tamaa. Mwanamume anaitwa Ramini, fundi umeme, mpole. Nikalia kidogo. Halafu nikauliza: kwao wapi?

Akajibu kwa sauti ndogo: Nakhuri, mama.

Nilimwambia mume wangu Bidzina akiwa anakunywa supu. Akaweka kijiko chini. "Nakhuri? Wale walioiba wilaya?"

Jamani! Mfalme wa Urusi alikufa, dola yake ikafa, na ile iliyofuata nayo ikafa. Mume wangu bado anaililia wilaya. Enzi hizo makao makuu ya wilaya yalikuwa hapa kwetu Tsedari. Mkuu wa wilaya alikaa hapa, na jela, na posta, na hazina. Halafu vyote vikahamishiwa Nakhuri, ng'ambo ya mlima. Leo hata Nakhuri hawana kitu, wote tunapanda basi kwenda mji wa tatu kufuata cheti cha kuzaliwa. Haidhuru. Wezi ni wezi.

Jumanne, 3 Oktoba

Bidzina alifundisha historia maisha yake yote. Tangu astaafu anaandika historia ya wilaya yetu, na sura ya kuhamishwa imemkwama kooni. Anajua mkaguzi wa mfalme alitoka Tiflis, mji mkuu, kuja kuamua wilaya ikae wapi. Akaja kwetu, akaenda kwao, akachagua kwao. Kwa nini? "Rushwa!" Ushahidi hana.

Tina kapiga tena. Eti mzee Severiani, babake Ramini, ana kiburi. Akiitwa mwizi atainuka aondoke, na Ramini hataoa bila baraka za baba. "Nampenda, mama." Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake, kwa mtu yeyote.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimemwambia Bidzina: yaliyopita si ndwele. Akanijibu, "Kwa mwalimu wa historia ni ndwele, mke wangu." Nikacheka. Sikutaka kucheka!

Nimepata dawa. Jirani yetu Amberki ndiye atakuwa tamada, msimamizi wa meza anayetoa neno kabla ya kila glasi. Tamada akishika meza, yeye ndiye anayesema, na hakuna anayenyanyuka wala kuongea bila ruhusa yake. Amberki ana sauti nzuri, ana tumbo la kuhimili mvinyo, na historia hajui hata moja. Bidzina amekubali. Haraka mno. Sipendi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Namenya na kusaga njugu za jozi tangu asubuhi. Mikono imekuwa myeusi.

Bidzina kafagia ua, kapiga pasi shati mwenyewe. Nilimkuta mbele ya kioo: "Karibu, ndugu Severiani." Akarudia. "Karibu, ndugu Severiani." Mara ya tatu ilitoka bila kuuma meno. Nampenda mzee huyu. Ananiua, lakini nampenda.

Jumamosi, 7 Oktoba

Naandika jikoni, mkate wa maharage uko kwenye oveni.

Wamefika saa sita. Ramini na maua, macho yake hayabanduki kwa Tina. Severiani, masharubu, suti. Na bibi yake Ramini, Bibi Pelagia, kachakaa kweli, lakini ulimi mkali! Aliniangalia juu hadi chini: "Wewe ndiye mama? Mbona mwembamba hivi, unakula nini?"

Tukaketi. Bidzina akafungua mdomo kumtaja Amberki, Severiani akamwahi. Kwa adabu zote! "Mwenye nyumba mwenyewe atuongoze. Tumesikia ni msomi." Na mgeni akisema hivyo, unakataaje? Basi, tamada ni Bidzina! Amberki akashusha pumzi, akajisogezea kuku.

Glasi ya amani, salama. Glasi ya nchi, salama. Ikafika ya marehemu. Tukadondoshea mkate mvinyo kwa heshima yao, kama ilivyo desturi. Bidzina akaanza na wa kwetu, akawataja kwa majina, vizuri, hadi machozi yakanitoka. Kisha: "Na wa Nakhuri pia. Mungu awasamehe—" Akasita. Nikamkanyaga mguu. "—awasamehe na lile la wilaya."

Lo! Severiani uso ukawa zambarau. Tina akashika meza.

Bibi Pelagia ndiye aliyejibu, anatafuna. "Kijana, wilaya hatukuiba. Mliinywa."

Akaeleza, kama alivyoelezwa na babu yake. Mkaguzi alipofika Tsedari alitandikiwa meza ambayo haijawahi kuonekana. Kila akitaka kuinuka akaone jela na hazina, tamada anamwambia: keti, bwana, bado glasi ya mama zetu. Keti, bado glasi ya farasi wako! Siku tatu. Akatolewa amebebwa, hajaona ofisi hata moja. Nakhuri walikuwa mafukara, wakampa chai na viazi. Akalala, akaamka, akaona ofisi, akasema basi, iwe hapa.

"Tamada alikuwa nani?" Bidzina akauliza. Sauti ilikuwa kama ya mwanafunzi.

"Ivane fulani. Mwenye kigugumizi kidogo. Walisema hakuna mfano wake."

Ivane! Babu wa babu yake Bidzina. Kila sikukuu tunamwinulia glasi.

Bidzina amesimama, glasi mkononi. Nimekimbilia huku. Sitaki kuona.

Baadaye kidogo. Wanacheka! Nimechungulia. Bidzina anafuta macho, kamkumbatia Bibi Pelagia. "Aliinywa, mzee wangu Ivane! Yote, na jela yake!" Hata Severiani masharubu yanatetemeka. Asante, Mungu.

Jumapili, 8 Oktoba

Saa tano asubuhi. Bado wapo mezani.

Bidzina kapata moto ambao sijauona tangu harusi yetu. Glasi ya chai ya Nakhuri. Glasi ya viazi vya Nakhuri. Glasi ya mkaguzi, maskini. Anasema vizuri, siwezi kudanganya, hata mimi nilisimama mlangoni na bakuli nikasahau nilikokuwa naenda. Amberki kalala kwenye kochi.

Tina kaingia jikoni, macho mekundu. "Mama, posa haijatolewa."

Vipi haijatolewa?

Severiani kasimama mara nne amwombe Tina. Mara nne Bidzina kamkalisha: keti, ndugu yangu, bado glasi moja. Na Severiani ni mtu wa adabu, anakaa. Kazi inamsubiri, gari liko tayari, Bibi Pelagia ameshavaa koti. Wakiondoka bila neno hilo kusemwa, hakuna kilichofanyika, ni wageni tu waliokula wakashiba.

Nikamwambia nenda ukamwambie baba. Akasema nimemwambia, kanibusu kipajini, kasema subiri, mwanangu, bado glasi ya Ivane.

Mwanamke hamkatizi tamada. Mama yangu hakuwahi, bibi yangu hakuwahi.

Nasikia kiti kinavutwa. Severiani kasimama tena. Bidzina anasema, "Keti, ndugu—"

Nimevua aproni. Naingia.