Wavu wa Shaba Chini ya Mchaichai

Bi Raisa mpendwa, naomba uniokoe kwa sababu friji yetu inapiga watu shoti na mke wangu ameondoka, na yote mawili yametokana na wavu mmoja wa shaba. Mama yangu alipokwenda Mombasa arusini nilimwita fundi umeme, Okidi, akachimba shimo nje karibu na ukuta, akauzika wavu huo pamoja na mkaa na chumvi, akauunga na waya wa ethi ili umeme ukivuja uende ardhini usitupige sisi, ila mahali palipofaa palikuwa na mchaichai wa mama, nikaung'oa, na mama aliporudi nikamwambia umeliwa na mbuzi wa jirani. Juzi akachimba pale pale apande mwingine, akakuta shaba, mkaa na chumvi, akapiga kelele mtaa mzima ukajaa, ati mke wangu Acan ametuzikia uchawi. Maalim akaitwa, akaukata waya, akausomea wavu, na mama kwa kuwa hapendi kutupa kitu akauosha, sasa anaanikia dagaa wake wa mukene. Acan akanitazama akasema, "Junaid, wewe unajua mimi siwezi fanya hii kitu. Sema basi!" Mimi nikakohoa. Akabeba sanduku akaenda kwa kaka yake Ocaya, ambaye ni polisi. Tangu hapo kila anayegusa friji anarushwa, na mama anasema, "Si nilikwambia? Jini la mkeo limekasirika!" Nampenda mke wangu na namwogopa mama yangu, nifanyeje?

Junaid, Nateete

Junaid,

Nimecheka mpaka miwani ikadondoka, halafu nikamfikiria mama yako akipiga deki peku mbele ya friji hiyo, nikaacha kucheka. Inuka ukaichomoe sasa hivi, usimalize kusoma. Umechomoa? Haya, kaa.

Kumwogopa mama si ajabu, hata mimi wangu namwogopa. Lakini mtu mzima na ndevu zako unamsingizia mbuzi, kisha mbuzi asipotosha unamtwisha na mkeo? Mbuzi hawezi kujitetea. Acan alikuomba neno moja tu, wewe ukakohoa! Nimekukasirikia kweli.

Mwite Okidi auzike wavu upya na aangalie friji inavujia wapi, maana wavu ulikuwa unawalinda tu, haukuiponya friji. Mukene ukaanikwe mkekani. Kazi ifanyike mchana, mama yako, Maalim na majirani wote wa siku ile wakiwa wamesimama hapo, nawe useme kwa sauti kama ile ya mama: mchaichai niliung'oa mimi, wavu niliuzikisha mimi. Mama atakufokea. Fokewa, hufi.

Kisha nendeni nyote wawili kwa Ocaya. Mama ndiye aliyemwita mtoto wa watu mchawi, basi mama ndiye abishe hodi. Wewe anza kusema mlango ukifunguliwa tu, kabla hujaulizwa. Na kikohozi kikikujia tena, bwana, kumbuka shemeji yako ni polisi.