Namba Iliyosagwa kwa Tupa

Korpijärvi, 3 Machi 1974

Kaka yangu Oiva,

Habari za Jyväskylä? Mgongo wako je, na shemeji Raili na watoto? Sisi huku wazima, theluji tu imetufika madirishani. Mama mzima. Viatu vya manyoya nilivyomnunulia kavikataa, anasema akivivaa anafanana na dubu. Asiye mzima ni baba mkwe wangu, mzee Eemeli. Aliteleza kwenye barafu nyuma ya nyumba akavunjika nyonga, na wiki ya tatu sasa yuko hospitali Kajaani.

Nina jambo la kukuuliza. Mume wangu Taisto ameona baba yake hayupo, akaanza kubomoa ghala la zamani la magogo. Mzee alikuwa hataki liguswe, hata msumari. Ndani ya ukuta, kati ya magogo, amekuta bunduki imezungushiwa gunia lenye lami. Ni bunduki ya jeshi, ndefu, nzito kama mtoto wa shule. Lakini haina namba, haina muhuri wala jina la kiwanda. Pale namba inapokaa pamesagwa, pamekuwa laini kama kijiko.

Taisto anafurahi kama kapata almasi. Anasema itakuwa ya Warusi, anataka kuitundika kwenye ukumbi wa chama cha wawindaji. "Muulize kaka yako," ananiambia, "si ndiye daktari wa bunduki?" Basi daktari, tuambie mgonjwa katokea wapi.

Mdogo wako,
Hilkka

*

Jyväskylä, 9 Machi 1974

Mdogo wangu Hilkka,

Barua nimeipata. Mgongo unauma lakini nafanya kazi, Raili anakusalimu. Mwambie mama avae viatu, dubu hapati mafua.

Kuhusu bunduki, mwambie Taisto aache kuota. Bunduki za vita zimejaa nchi hii kuliko uyoga, na nyingi zilipita mikono mitatu minne kabla ya kutufikia. Kinachonishangaza ni huko kusagwa. Mtu hafuti alama ya ng'ombe wake mwenyewe. Aliyeshika tupa alikuwa na sababu.

Tazameni mambo mawili. La kwanza, ule ubao wa bunduki: ni mti mmoja toka kitako mpaka mbele, au umeungwa? La pili, hakikisheni haina risasi, halafu Taisto afungue skrubu mbili kwa bisibisi, ainue chuma chote kitoke kwenye ubao. Geuzeni mkia wa kile chuma, mtazame chini yake. Wenye tupa husahau kule, kwa sababu hakuonekani.

Kaka yako,
Oiva

*

Korpijärvi, 17 Machi 1974

Kaka,

Salamu tele. Mama kavaa viatu, ila usiku tu, watu wasimwone.

Tumefanya ulivyosema. Ubao umeungwa vipande viwili, kwa meno yaliyofumana kama vidole vya mtu anayesali. Chini ya mkia kuna mshale mdogo na mwaka 1897. Taisto karuka juu: "Umeona? Ya Mfalme wa Urusi!" Hakuna kingine. Kashindwa kungoja jibu lako. Alhamisi anakuletea bunduki yenyewe kwa gari, anakuja huko kununua vipuri vya trekta. Mpe chakula, kwa sababu njiani hali.

Mdogo wako,
Hilkka

*

Jyväskylä, 26 Machi 1974

Hilkka,

Leo sina salamu. Kaa chini usome. Taisto asiwe karibu.

Kile chuma cha 1897 ni cha Kirusi, kweli. Lakini ni mwili tu. Mtutu ni mnene, ni wa kwetu, na ule ubao wa meno ni wa kwetu, hakuna jeshi jingine lililounga mti hivyo. Hii ni bunduki ya askari wa Finland, iliundwa upya hapa hapa wakati wa vita, wakapewa vijana wetu.

Sasa namba. Chuma kikigongwa namba, pigo haliishii juu. Linazama ndani, na ndani panakazana kuliko pembeni. Ukisaga, unaondoa kinachoonekana tu. Nilipasafisha, nikapaka asidi kwa pamba, nikasubiri, nikapaka tena. Baada ya saa moja namba zikaanza kupanda kama watu wanaotoka kwenye ukungu. 41386.

Nikaenda kabatini nikatoa karatasi ya zamani, nikalinganisha.

Wewe ulikuwa na miaka mitatu, hukumbuki. Namba hiyo ninayo kwenye hukumu ya mahakama, nakala ambayo mama alinipa nilipohama. "Mshitakiwa Armas Kemppainen hakurudisha bunduki ya jeshi namba 41386." Naijua kuliko tarehe za kuzaliwa wanangu. Baba alisema aliirudisha ghalani vita vilipoisha. Aliyepokea silaha ghalani alikuwa Eemeli Vänttinen, baba mkwe wako. Eemeli akashika Biblia akaapa kwamba Armas hakumletea kitu. Baba akafungwa miezi kumi na minne. Alirudi na mapafu yaliyooza, na masika ya arobaini na tisa tukamzika. Mimi shuleni nilikuwa "mtoto wa mwizi wa bunduki" mpaka nilipoondoka kijiji hicho.

Na bunduki ilikuwa ukutani kwa Eemeli, kilomita mbili kutoka mlangoni petu!

Taisto sijamwambia. Nimesema kazi bado, naye karudi mikono mitupu. Bunduki ninayo. Niandikie haraka.

Oiva

*

Jyväskylä, 12 Mei 1974

Hilkka,

Wiki saba. Wiki saba, mdogo wangu! Barafu ya ziwa imeyeyuka, ndege wamerudi kutoka Afrika, wewe hujapata muda wa kutia wino kwenye karatasi. Simu nimepiga mara mbili, Taisto ananiambia uko zizini. Ng'ombe wenu wana matiti mangapi?

Au supu ya Eemeli imekukaba koo? Nasikia katoka hospitali. Nasikia wewe ndiye unayemwogesha. Vizuri. Msugue sana mkono wa kulia, ndio alioshikia Biblia.

Kama huna la kusema, sema huna. Nitajua sina dada, ninaye mke wa Vänttinen.

Oiva

*

Korpijärvi, 19 Mei 1974

Oiva,

Umemaliza kutukana? Sasa nisikilize na wewe.

Wewe uliondoka na miaka kumi na saba, ukatuachia mama na vidole vya watu. Nani alibaki? Nani alikwenda dukani na mama, mwenye duka akimtazama mikono kana kwamba ataiba sukari? Mimi. Usinifundishe hasira. Yangu umri wake ni sawa na yako, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nalisha ng'ombe nayo, wewe umeipeleka mjini ukaivalisha tai.

Barua yako niliibeba ndani ya sidiria wiki sita. Kila asubuhi nampelekea yule mzee uji, ananiambia, "Asante, mwanangu." Wewe ungefanya nini? Ungemmwagia. Mimi nilitaka kwanza nijue.

Jumatatu iliyopita nilikuwa namkata kucha za miguu, maana hawezi kuinama. Mguu wake umelala kwenye paja langu. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa:

"Baba, arobaini na moja elfu mia tatu themanini na sita ni namba ya nini?"

Mguu ukawa baridi mkononi mwangu. Haki ya Mungu, niliusikia. Nikamaliza kucha za mguu wa kwanza.

"Taisto kabomoa ghala," akasema.

"Kabomoa."

"Ni ya Armas."

"Najua ni ya Armas. Nauliza ilifikaje ukutani kwako."

Akasema. Mwaka ule vita vilipoisha, alipewa amri ya siri afiche sehemu ya silaha, zisiandikwe daftarini, kwa hofu kwamba Warusi wangekuja kuchukua nchi. Unajua zilifichwa nchi nzima. Hapa zilikuwa bunduki thelathini, na wanaume kumi na wanane walijua. Ya baba iliingia katika hizo. Baadaye wakaguzi walipolinganisha orodha, ya baba peke yake ndiyo ilionekana pengo, kwa sababu ya kosa la karani. Wakamkamata.

"Nilipoapa," Eemeli akasema, "Armas alikuwa ananitazama. Alijua. Angefungua mdomo, tungekwenda jela kumi na wanane. Hakufungua."

"Kwa hiyo alikuokoa."

"Alituokoa sote."

"Na wewe ukamwacha awe mwizi."

Akaanza kulia, Oiva. Mzee wa miaka sabini na minane, kamasi mpaka kidevuni. Sikumpangusa. Nilichukua mkasi wangu nikatoka, mguu wa pili sikuukata mpaka leo.

Taisto nimemwambia. Alikwenda kupasua kuni siku nzima, tuna kuni za miaka miwili. Hasemi na baba yake.

Mama sijamwambia. Naogopa.

Hilkka

*

Jyväskylä, 24 Mei 1974

Mdogo wangu,

Nisamehe yale maneno. Raili aliyasoma kwenye karatasi ya kukaushia wino, akaninunia siku tatu.

Lakini Eemeli simsamehe. Sawa, mwaka arobaini na tano aliogopa. Hata mimi ningeogopa. Lakini miaka miwili mitatu baadaye hatari ilikuwa imepita, waliofungwa kwa silaha walitoka, baadhi wakaitwa mashujaa. Nani alimzuia Eemeli kusema mwaka hamsini? Mwaka sitini? Siku ya harusi yako alisimama akatoa hotuba ya nusu saa juu ya uaminifu, mimi nimekaa pale natafuna nyama ya kulungu! Na tupa, Hilkka. Tupa si ya woga wa siku moja. Mtu alikaa, akasaga namba ya rafiki yake taratibu mpaka ikaisha.

Nataka aseme. Si kwako, si jikoni. Aseme mbele ya kijiji, kwa mdomo ule ule ulioapa. Nampa mpaka vuli. Asiposema, nakuja na bunduki na hukumu, nitavisoma kanisani mwenyewe, hata wachungaji watano wanishike.

Kaka yako,
Oiva

*

Korpijärvi, 16 Septemba 1974

Kaka Oiva,

Salamu kutoka kwetu sote, na hasa kutoka kwa mama, ambaye afya yake haijawahi kuwa nzuri hivi. Asante kwa kukubali kutokuja. Ungempiga mtu, na mtu mwenyewe asingekuwa Eemeli.

Jumamosi tarehe saba ilikuwa kahawa ya chama cha wawindaji, ile ya kabla ya msimu wa kulungu. Watu karibu sitini ukumbini. Taisto alimleta baba yake kwa gari, akamwambia mlangoni, "Ukitoka bila kusema, utatafuta pa kulala." Mama nilimleta mimi. Nilimweleza njiani, maana sikuweza tena kubeba. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Funga dirisha, kuna baridi."

Eemeli akasimama kwa mikongojo yake. Akasema yote, na kiapo pia. Ilichukua kama dakika nne.

Unajua walifanya nini? Walipiga makofi! Mwenyekiti Veikko akaruka kumshika mkono, akasema Eemeli ni mzalendo, alihatarisha maisha kuilinda silaha ya nchi, na kwamba inahitaji moyo wa kiume kusema kweli uzeeni. Halafu, kama mtu aliyekumbuka kofia yake, akaongeza, "Na Armas naye, bila shaka, apumzike kwa amani." Wakamkatia Eemeli kipande kikubwa cha keki. Damu ilinipanda machoni, nikatafuta kitu cha kurusha.

Mama akasimama. Koti lake hata hajalivua.

"Kaeni," akasema. "Mimi sijapiga makofi."

Hajawahi kusema mbele ya watu tangu kuzaliwa, unamjua. Nilisikia birika linavyochemka.

"Kerttu, mwaka arobaini na sita ulimwondoa mwanangu Oiva kwenye meza ya keki shuleni, ukasema keki ni za watoto waaminifu. Veikko, wewe umebeba jeneza la kila mtu kijiji hiki. La Armas tuliazima wabebaji kijiji cha pili." Akaendelea hivyo, jina kwa jina, mwaka kwa mwaka, hakukosea hata mmoja. Halafu akamgeukia Eemeli, keki bado iko mkononi mwake.

"Armas aliniambia gerezani. Aliniapisha ninyamaze mpaka wewe mwenyewe useme, kwa kuwa alikuamini. Nimekungoja miaka ishirini na minane. Umesema dakika nne, na tayari unakula."

Alijua! Garini nilimpigia kelele, Oiva, sikujali. "Mama, ulijua, ukaniacha niolewe nyumba ile?"

Akasema, "Taisto hakuapa kitu. Na mimi niliapa." Kisha akaongeza, "Kila Krismasi nilifikiri, mwaka huu atakuja."

Nimemkasirikia siku nane. Leo sijui. Nadhani aliyetushinda sote kwa hasira ni yeye, ila sisi hatukuwahi kuiona.

Kabla ya kutoka ukumbini aliwaambia, "Mwenye la kusema, aje nyumbani kwangu Jumapili. Aingie mlango wa mbele."

Jana wamekuja kumi na mmoja. Veikko na suti ya kanisani, Kerttu na mikate ya iliki imefunikwa kitambaa. Eemeli kaja wa mwisho, Taisto kamsindikiza mpaka ngazini akarudi garini. Mama kawakalisha wote kwenye viti vya sebule, yeye kakaa kwenye kiti cha baba. Mmoja mmoja wakasema. Wengine walilia, wengine waliongea na soli za viatu vyao. Eemeli hakupewa kiti, naye hakuomba. Alisimama na mikongojo yake saa nzima na nusu, na zamu yake ilipofika alisema maneno matatu tu: "Nilisaga mimi, Saimi." Mama akatikisa kichwa kwamba kasikia.

Wakamaliza. Wakakaa. Unajua desturi ya kwetu, hata anayekuja kusoma mita ya umeme hatoki mkavu, bila kikombe cha kahawa. Wakawa wanatazama jikoni. Robo saa, Oiva, saa ya ukutani inagonga, watu wazima kumi na mmoja wanasubiri kikombe.

Mwishowe Kerttu akanyanyuka nusu, akasema kwa upole, "Saimi, nikusaidie kuwasha jiko?"

"Jiko langu halijaharibika, Kerttu," mama akajibu. "Nendeni salama."

Wakatoka. Mama akafunga mlango, akachota maji, akatupikia kahawa sisi wawili.

Mdogo wako,
Hilkka