Damu ya Mama Mkubwa

Jumapili, Singida Mjini

Mama mkubwa kaniudhi. Nimemwomba damu kidogo, akasema mbele ya wageni kwamba ya mdogo wake, mama yangu, nilishaiuza. Ni mkubwa, nikameza. Nikamweleza tu: kule maabara ninakofanya kazi, damu ya mama tumeigeuza kuwa seli za ubongo, tuone kinga ya mwili inavyoushambulia ubongo wa mama. Sasa tunataka za ndugu asiyeumwa, tulinganishe.

Mama, aliyekaa pembeni yetu, akauliza, "Hizo seli zikipewa dawa, zinaumia?"

"Haziumii, mama."

"Basi zitangulie kunywa. Mimi nimechoka kujaribiwa dawa."

Mama mkubwa akaitazama miguu ya mdogo wake, iliyolegea kwa ugonjwa huo, akakunja mkono wa gauni. "Chukua. Ila usinieleze tena."

Naogopa dawa itachelewa. Njia yenyewe, ya kuijaribu kwanza kwenye seli, siiogopi. Kesho nampeleka mama mkubwa hospitali mapema akatolewe damu, kabla hajabadili mawazo.