Bawa Nisiloliona

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kabla sijasema langu, naomba nijue habari za jicho. Dada aliniambia kwenye simu kwamba bandeji imetolewa, na kwamba kesho yake tu ulikuwa umeikagua nyumba nzima ukimwonyesha mama vumbi ambalo kwa miaka miwili hukuliona. Nilicheka, nikajua umepona. Mama naye, magoti yanamwachia? Mimi huku sijambo, na leo nalisema neno hilo kwa maana yake kamili, kwani kwa miezi miwili nilikuwa nalisema kwa mdomo tu.

Habari kubwa ni kwamba nzi wetu ametoka. Jarida lilifika Jumanne, na bahasha hii imebeba nakala yako. Umemsikia kwa vipandevipande kwenye simu, kwa hiyo acha nikueleze kwa utulivu.

Mwaka jana tulitega wavu kando ya kijito, juu kabisa mlimani, mahali ambapo gari hugoma na watu humalizia kwa miguu. Wavu wenyewe umeshonwa kama hema; mdudu akiugonga hupanda juu, akaangukia kwenye chupa ya spiriti. Chupa ilipofika kazini kwetu kwenye jumba la makumbusho, mimi ndiye niliyechambua: mbu huku, nyigu kule, nzi peke yao. Humo nikakuta dume mmoja, mdogo kama punje ya ufuta, miguu ya njano, na nywele tatu ndefu mgongoni pale ambapo jamaa zake wote wana mbili. Nilizihesabu mara tano. Nikamwita mkuu wa chumba chetu, yule tunayemwita Mama Lenzi kwa sababu kioo chake cha kukuzia hakimtoki shingoni. Aliinamia hadubini hadi nikadhani amesinzia. Alipoinuka alisema hajawahi kumwona nzi huyo, naye amekaa na nzi miaka thelathini na mmoja.

Kumpa nzi jina si kama kumpa mtoto. Lazima uandike kila kiungo, kila unywele, na uchore, ili mtu wa nchi nyingine miaka mia ijayo akimshika nzi wake aweze kusema ndiye au siye. Na yule wa kwanza huhifadhiwa daima, awe shahidi. Nilifanya kazi hiyo miezi saba. Makala ikapelekwa, wakaguzi wa jarida wakaisifu, hasa mchoro wa bawa. Chumba kizima kikanipongeza, na dereva wetu akanibatiza Mama Nzi.

Sasa nifike panaponiuma. Mara tatu uliniuliza mbona jarida halitoki, na mara tatu nikakujibu kwamba wachapishaji wamechelewa. Haikuwa kweli, Baba. Mimi ndiye niliyewazuia.

Nzi yule alitoka kwenye chupa na bawa moja. Jingine lilikuwa limekwisha kuchanika. Asubuhi niliyopanga kulichora, nilikuwa nimembandika kwenye kipande cha kadi, nikapiga chafya. Basi. Bawa likaondoka kama unga. Siku mbili nilitambaa sakafuni, kila aliyeniuliza nikimwambia nimedondosha pini. Sikulipata. Badala ya kusema, nikafungua droo anamohifadhiwa nzi jamaa yake wa karibu, nikachora bawa la huyo, na chini yake nikaandika la nzi wangu. Nilijiambia ndugu hawa hawawezi kutofautiana mabawa.

Sifa zilipoanza, kila aliyeutaja mchoro alinichoma. Zikiwa zimebaki siku tisa tu kabla ya kuchapishwa, niliingia kwa Mama Lenzi, nikafunga mlango, nikamwaga yote. Nilitarajia anifukuze. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaniuliza kama kuna mwingine anayejua. Nikasema hakuna.

“Basi umekuja kwa miguu yako, hukukamatwa,” akasema. “Hapo tuna pa kuanzia.”

Siku hiyohiyo akawaandikia wahariri wasimamishe, na kesho yake yeye, mimi na dereva tukarudi mlimani.

Siku nne tulipata mbu na nondo, na ruba kwenye soksi za dereva, ambaye alilalamika kwamba kwa ajili ya nzi mmoja tunatoa damu ya watu watatu. Siku ya tano tukauhamishia wavu nyuma ya maporomoko madogo, kwenye mawe yenye ukoga. Kufika mchana tulikuwa na saba, mabawa kamili. Mama Lenzi akanipisha niwe wa kwanza kutazama. Baba, bawa lile silo nililolichora. Mshipa mmoja unakatika kabla ya kufika ukingoni, na nchani kuna doa la rangi ya moshi, alama iliyo wazi kuliko hata zile nywele tatu. Mchoro wangu ungechapishwa, atakayempata kesho angesema siye huyu, akampa jina jingine, nami ningekuwa nimeuongezea ulimwengu nzi asiyekuwepo. Nilikaa juu ya jiwe bichi, suruali ikalowa, nikalia huku nacheka. Dereva alidhani ruba wamenifikia na mimi.

Jina lake la kisayansi limetokana na lile doa. Mama alitaka liwe jina la ukoo wetu, lakini mwambie majirani wangetuita ukoo wa nzi hadi kiama.

Niwie radhi, Baba. Ulikuwa unanitangaza kwa fahari, kumbe mimi nakupa uongo uwapelekee watu. Mama Lenzi alinipa sharti moja, kwamba makala iseme wazi yaliyompata yule wa kwanza. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa tatu pameandikwa kuwa hana mabawa, na kwamba la mwisho lilipotezwa na mwandishi. Najua utawasomea wenzako, na kuwatafsiria pale penye ugumu. Ukifika hapo, tafadhali usiruke.

Mpe mama shikamoo yangu, na dada mwambie zamu yake ya kupiga simu imefika. Nalala vizuri siku hizi.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba